Kusasisha BIOS na kuhamia Windows 11 kwenye laptopu za mtumba: nianze na kipi, na huwa kinaharibika nini?

Kibatari aliuliza:

Wakuu, salaam. Nina laptopu sita za ofisi, zote Dell Latitude 7490 za mtumba: i5 kizazi cha 8, RAM GB 8, SSD GB 256, Windows 10 Pro. BIOS zake (programu dhibiti inayoiamsha mashine kabla ya Windows) ni za zamani, hazijaguswa tangu zinunuliwe.

Nataka kuzipeleka Windows 11. Wengine wanasema sasisha BIOS kwanza, wengine wanasema BIOS haiguswi, ukiiua mashine imekwenda.

Hali ilivyo: PC Health Check, programu ya Microsoft ya kupima kama mashine inafaa Windows 11, imezikubali nne. Mbili imezikataa kwa sababu ya Secure Boot (ulinzi unaokubali viwashio vilivyosainiwa tu), na nikifungua msinfo32 kwenye hizo mbili naona BIOS Mode: Legacy, yaani njia ya kuwaka ya zamani, si UEFI ya sasa. Betri za tatu zimechoka, ukichomoa chaja hazifiki dakika kumi. Umeme huku unakatika bila hodi. Laptopu moja imeunganishwa na mashine ya EFD (ya risiti za kodi) kwa waya wa USB kwenda serial, na hiyo haitakiwi kusimama kazi hata siku moja.

Nianze na kipi, na nijihadhari na nini?

---

fundi_waya:

Mkuu, hizo ni kazi mbili, usizifanye siku moja kwenye mashine moja. Ukizifanya pamoja halafu ikagoma kuwaka, hutajua mkosaji ni yupi. BIOS kwanza, kisha iache itumike na Windows 10 ileile siku tatu nne. Ukiona inachaji, inalala na kuamka, na Wi-Fi haikatiki, ndipo uende Windows 11.

Kwa nini watu wanaogopa BIOS: programu dhibiti inakaa kwenye chipu ndogo ya miguu minane kwenye mazabodi, kwa kawaida ya MB 16 au 32. Chipu ya aina hii haiandikwi juu ya maandishi ya zamani. Inafutwa kipande kimoja kimoja, kila kipande kikishafutwa ndipo kinaandikwa upya. Umeme ukiondoka baada ya kufuta na kabla ya kuandika, kipande kinabaki kitupu. Kikiwa ni kile ambacho prosesa inakisoma kwanza kabisa, hakuna wa kuiambia hata iwashe skrini. Taa ya chaji inawaka, feni labda inazunguka, basi.

Kabla ya kugusa, ingia kwenye mipangilio ya BIOS kwa F2 upige picha kwa simu kila ukurasa. Muhimu kuliko zote ni SATA Operation (namna mashine inavyoisoma diski: AHCI au RAID), Secure Boot, Boot Mode na mpangilio wa kuwaka. Nitaeleza sababu hapa chini.

Faili lipakue kwenye tovuti ya Dell kwa Service Tag (namba ya utambulisho ya Dell) ya kila mashine, si kwa kutafuta jina la modeli mitandaoni. Ukurasa wa faili unaonyesha SHA-256, alama ya utambulisho ya faili hilo. Linganisha hivi:

certutil -hashfile C:\bios\jina_la_faili.exe SHA256

Herufi zikitofautiana hata moja, pakua tena. Bando likikatika katikati faili hubaki pungufu. Mara nyingi programu yenyewe italikataa, lakini mimi singetegemea hilo. Soma pia maelezo ya toleo: BIOS ikiwa nyuma sana, wakati mwingine watengenezaji wanataka upitie toleo la kati kwanza.

Kuandika kwenyewe usifanyie ndani ya Windows. Weka faili kwenye flashi ya FAT32, washa mashine huku unabonyeza F12, chagua BIOS Flash Update. Huko hakuna antivirusi wala Windows inayoamua kujizima katikati. Skrini itakuwa nyeusi, feni zitavuma kwa nguvu zote, mashine itajizima na kujiwasha zaidi ya mara moja. Hapo ndipo wengi wanaua mashine zao: wanadhani imeganda, wanashikilia kitufe cha kuzimia. Huwa inamaliza ndani ya dakika kumi, ila usiiguse mpaka nusu saa ipite.

Sasa zile picha. Mipangilio ikirudi ya kiwandani, iwe kwa sasisho au kwa sababu betri ya saa, ile CR2032 ya volti 3, imeshakufa, Latitude nyingi za umri huo huweka SATA Operation kuwa RAID On. Kama Windows iliwekwa wakati mashine iko AHCI, itawaka na kusimama kwenye skrini ya buluu, INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Mwenye mashine anadhani SSD imeungua. Rudisha AHCI, inawaka kama kawaida. Nusu ya mashine zinazoitwa "zimekufa baada ya BIOS" ziko hivi.

---

BiTabu:

Nusu nyingine ni BitLocker, ule usimbaji wa diski wa Windows, na fundi ameiruka.

BitLocker hufunga ufunguo wake kwenye TPM (chipu ya usalama ya mashine), na TPM hutoa ufunguo ikiona mazingira ya kuwaka hayajabadilika. Ukibadilisha BIOS umebadilisha mazingira. Mashine inawaka, inafika kwenye skrini ya buluu, inaomba ufunguo wa tarakimu 48, makundi nane ya tarakimu sita sita. Huna ufunguo, huna data. Hakuna fundi wala mtengenezaji atakayekufungulia, ndivyo ilivyokusudiwa.

Kaka Kibatari, usiseme "mimi sikuwasha BitLocker". Laptopu ya mtumba ikiwekwa Windows upya na kuingizwa akaunti ya Microsoft, inaweza kujifunga yenyewe kimyakimya, na ufunguo ukaenda kwenye akaunti ya yule aliyeingia wa kwanza, pengine aliyekuuzia. Fungua Command Prompt kama msimamizi kwenye kila mashine:

manage-bde -status C:

Ukiona Protection On, toa ufunguo:

manage-bde -protectors -get C:

Uandike kwenye karatasi, pamoja na herufi nane za mwanzo za Key ID, maana skrini ya kuomba ufunguo inakuonyesha Key ID na wewe una mashine sita. Usihifadhi nakala kwenye diski ileile iliyofungwa. Nimesema kitu cha wazi, najua, lakini watu wanafanya hivyo.

Kisha simamisha ulinzi:

manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0

Hiyo sifuri ina maana yake. Usipoiweka, ulinzi hurudi baada ya kuwaka mara moja tu, na sasisho la BIOS huwasha mashine mara mbili au tatu. Programu ya Dell ukiiendesha ndani ya Windows inaweza kukusimamishia, lakini ukipitia F12 kama fundi alivyoshauri hakuna wa kukusaidia. Ukimaliza rudisha:

manage-bde -protectors -enable C:

Wenye Ryzen wanaosoma hapa: baada ya BIOS mpya mnaweza kukuta skrini nyeusi inayouliza kama fTPM (TPM iliyo ndani ya prosesa) ifutwe, Y au N. Ukibonyeza Y bila ufunguo wa BitLocker mkononi umeitupa data. Bonyeza N kwanza, tafuta ufunguo, ndipo urudi.

---

Chumvini:

Mimi nawapinga wote wawili. Mashine nne tayari zimekubaliwa: TPM 2.0 ipo, UEFI ipo. Windows 11 haidai BIOS mpya. Kwa nini uingize hatari isiyo na faida?

Historia ipo. Desemba 2017 Canonical waliiondoa Ubuntu 17.10 (mfumo endeshi wao wa Linux) kwenye ukurasa wa kupakua kwa sababu iliharibu BIOS za baadhi ya laptopu, nyingi za Lenovo. Januari 22, 2018 Intel wenyewe waliwaambia watengenezaji waache kusambaza marekebisho ya Spectre (kasoro ya usalama ya prosesa) kwa sababu mashine zilikuwa zinajizima na kujiwasha. BIOS inayofanya kazi, iache.

---

fundi_waya:

Chumvini, mfano wako wa Ubuntu unakurudia mwenyewe. Pale hakuna aliyesasisha BIOS. Dereva ya intel-spi ndani ya kerneli, kiini cha Linux, ndiyo iliyogusa chipu, watu wakashindwa kuhifadhi mipangilio ya BIOS na wengine wakashindwa kuwasha kwa USB. Yaani kubadilisha mfumo endeshi tu bila kugusa BIOS nako kuna hatari zake.

Wa Intel nakubaliana nawe, na fundisho lake ni kutokimbilia toleo la jana. Ngoja wiki tatu nne, ona kama mtengenezaji ameliondoa. Latitude ya kizazi cha 8 haina shida hiyo, matoleo yake yameshakaa.

Ila kuna mambo mawili yanayofanya "iache" isiwe jibu tena. Vyeti vya Secure Boot vya Microsoft vya 2011 vinaisha muda: viwili, viitwavyo KEK na UEFI CA, Juni 2026, na kile kinachosaini kiwashio cha Windows Oktoba 2026. Mashine haitakataa kuwaka siku hiyo, lakini haitapokea tena marekebisho ya usalama ya hatua ya kuwaka. Vyeti vya 2023 vinakuja kwa Windows Update, na kwenye mashine nyingine havishiki mpaka BIOS iwe mpya. Angalia kwa PowerShell ya msimamizi:

[System.Text.Encoding]::ASCII.GetString((Get-SecureBootUEFI db).bytes) -match 'Windows UEFI CA 2023'

True, una cheti. False, bado.

Pili, si kwa Kibatari bali kwa wenye kompyuta za mezani za Intel kizazi cha 13 na 14: kule kutosasisha BIOS ndiko kunakoua prosesa, maana volti ilikuwa inapanda kupita kiasi. Marekebisho ya volti hiyo yalikuja na maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x129 Agosti 2024, na hayarudishi uhai wa prosesa iliyokwisha kuumia.

---

Chumvini:

La vyeti nimelipokea. Bado nasema yeye mwenye betri mbovu asiguse BIOS.

---

nukta8:

Hizo mbili za Legacy. Diski yake ni MBR, mpangilio wa patisheni wa zamani, na UEFI inataka GPT, kwa hiyo ukienda moja kwa moja kwenye BIOS ukageuza kuwa UEFI, Windows haitawaka. Geuza diski kwanza, hakuna haja ya kufuta kitu:

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Ikikubali:

mbr2gpt /convert /allowFullOS

Halafu zima, ingia F2, weka UEFI, washa Secure Boot. Fuata mfuatano huohuo, usiubadilishe. Ukishageuza diski, mashine haiwaki tena kwa Legacy, usishtuke ukiona "No bootable device" kabla hujabadilisha BIOS.

Validate inapokataa, sababu ya kawaida ni idadi ya patisheni: inaruhusu tatu tu za msingi, na haitaki zile za ndani ya extended. Laptopu za mtumba mara nyingi zina D: iliyokatwa na muuzaji na patisheni ya kurejesha ya mtengenezaji. Hamisha data ya D: kwenye diski ya nje, ifute, jaribu tena. BitLocker isimamishwe kabla.

Kwa Windows 11 yenyewe, acha GB 25 hadi 30 wazi kwenye C:. Chomoa printa, flashi na kila kitu kisicho cha lazima. Ukiona 0xC1900101, ni dereva, na wa kwanza kushukiwa ni antivirusi ya pembeni: iondoe kabisa, usiizime tu. Ukiambiwa "We couldn't update system reserved partition", ile patisheni ya EFI ya MB 100 imejaa. Nafasi inapatikana kwa kufuta fonti za kiwashio, ambazo mashine haizihitaji ili iwake:

mountvol Y: /S
del Y:\EFI\Microsoft\Boot\Fonts\*.*

Hizo tu. Folda zilizo jirani na hiyo ndizo zinazowasha Windows.

Una siku 10 za kurudi Windows 10 bila kupoteza mafaili yako, ila programu ulizoweka baada ya kuhamia zitaondoka. Kwa ofisi ni chache, mwisho wa mwezi haujafika hata hujajua kama programu ya mahesabu inafanya kazi. Mara tu ukimaliza kuhamia, ongeza:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Sitini ndiyo ya juu kabisa. Ila mtu akiendesha Disk Cleanup akaondoa Windows.old, hizo siku zimekwenda na maji, hata kama ni siku ya pili. Kurudi huku si bakapu. Data itoke nje ya mashine kwanza.

---

Kibatari:

Asanteni sana wakuu, na dada BiTabu. Nimekagua: tatu zina BitLocker, moja wapo sikuwa najua kabisa. Nimeandika funguo zote.

Maswali mawili yamebaki. Hizi tatu zenye betri chovu, nimesoma kuna amri ya /forceit inayopita ukaguzi wa betri. Na ile ya EFD?

---

fundi_waya:

Usitumie /forceit. Dell inadai chaja iwe imechomekwa na betri iwe na angalau asilimia 10, na sababu ndiyo hiyohiyo ya kipande kitupu. Kwenye laptopu, betri ndiyo UPS yako.

Lakini mkuu, una mashine sita za modeli moja! Tatu zina betri nzima. Toa betri nzima moja, ipeleke kwenye mashine yenye betri chovu, sasisha, irudishe. Zima kabisa, chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini, chomoa plagi ya betri kwa kuishika plagi yenyewe, usivute nyaya. Angalia lebo zilingane, maana modeli hii ilitoka na betri za ukubwa tofauti. Ukibadilisha, ichaji ifike asilimia 50 hivi kabla ya kuanza. Betri iliyovimba usiibane wala kuirudisha ndani, hiyo ni ya kutupwa kwa njia ya usalama.

Kama chaja iko kwenye UPS pia, ni vizuri, lakini UPS bila betri ya laptopu mimi siiamini. Plagi ya chaja ya mtumba huwa imelegea, inatosha mtu kuigusa.

---

nukta8:

Ya EFD iwe ya mwisho kabisa, baada ya zile tano kukaa wiki mbili. Kabla ya hapo, fungua Device Manager, tafuta Ports, usome jina la waya wa USB kwenda serial. Ukiona Prolific PL2303, jiandae. Nyaya nyingi za bei rahisi zina chipu ya zamani ya HXA au ya kuiga, na kwenye Windows 11 dereva mpya inaandika palepale kwenye jina la kifaa: "PL2303HXA PHASED OUT SINCE 2012. PLEASE CONTACT YOUR SUPPLIER". Waya ni mzima, dereva imeukataa.

Njia ya mkato ni kurudisha dereva ya zamani, toleo la 3.3.2, kisha kuizuia Windows isiipandishe. Njia ya kudumu ni kununua waya wenye chipu ya FTDI au CH340. Mimi ningenunua waya, na ningeujaribu kwenye Windows 10 kwanza.

Andika pia namba ya COM inayotumika sasa, mfano COM3. Ukibadilisha waya au hata tundu la USB, namba inabadilika na programu ya EFD itasema mashine haipo. Unairudisha kwenye Port Settings, Advanced.

Kingine: ukikuta kifaa kimekataliwa na Memory integrity (ulinzi wa Windows dhidi ya dereva zisizoaminika) iko On, ni dereva isiyofuata masharti mapya. Tafuta mpya kwa muuzaji wa EFD kabla hujaamua kuizima.

Ikishindikana kabisa, iache Windows 10. Microsoft walifunga msaada Oktoba 14, 2025, lakini mpango wa ESU (sasisho za usalama za nyongeza) wa watu binafsi unafika Oktoba 13, 2026. Huo haukubali mashine iliyojiunga na domeni. Za kampuni zina mpango wao, dola 61 kwa mashine kwa mwaka wa kwanza na bei inakuwa mara mbili kila mwaka.

---

Kibatari:

Nimekuelewa. La mwisho: ikitokea imekufa kweli kweli, taa tu na skrini nyeusi, fundi wa mtaani anaweza kuifufua?

---

fundi_waya:

Kwanza usimpe mtu. Jiwekee flashi ya FAT32 yenye faili lilelile la BIOS, ulipe jina jipya BIOS_IMG.rcv. Mashine ikiwa imezimwa na chaja imechomolewa, shikilia Ctrl na Esc, chomeka chaja huku bado umeshikilia, achia ukiona skrini ya kurejesha BIOS. Nyingi zinafufuka hapo. HP wana yao, kitufe cha Windows pamoja na B wakati wa kuwasha. Mazabodi za mezani zenye kitufe cha Flashback hazihitaji hata prosesa wala RAM.

Isipofufuka, fundi atatumia CH341A, kifaa cha kuandikia chipu, na klipu ya miguu minane. Muulize mambo matatu kabla hajaanza. Chipu ni ya volti ngapi? W25Q128JV ni 3.3, W25Q128FW ni 1.8 na inahitaji adapta. Ile CH341A nyeusi ya kawaida, nyaya zake za data zinatoa volti 5 hata kama umeme wake ni 3.3, kwa hiyo mwenye kujua kazi huwa ameirekebisha. Pili, anasoma chipu mara mbili na kulinganisha kabla ya kufuta? Usomaji ukitofautiana, klipu haijakaa. Na betri zote mbili, kubwa na ya saa, ziwe zimechomolewa.

La tatu ndilo linalowashinda wengi: atatoa wapi faili? Akibandika BIOS iliyonakiliwa kutoka mashine nyingine bila kuhamisha sehemu zako, Service Tag inakuwa ya mtu mwingine, ufunguo wa Windows uliokuwa ndani ya BIOS unapotea, na kama sehemu ya Intel ME (programu dhibiti ya Intel inayokaa kwenye chipu hiyohiyo) haikusafishwa, mashine inaweza kuwa inajizima kila baada ya dakika 30. Utailipia, utaondoka nayo inawaka vizuri, na nusu saa baadaye itazima ukiwa kwenye daladala. Kwa hiyo kabla ya kulipa, iache iwake mezani kwake dakika 40.